Mashauri kwa Wanafunzi: Insha Njema ni Kama Shauri Barazani



Mwezi uliopita tulipata barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, na barua hiyo imetufanya tuweke kando habari tuliyokusudia kuandika mwezi huu. Mama huyo ana kijana wake wa kiume aliye katika mwaka wa kwanza wa masomo ya juu. Ili karo ipatikane, baba yake aliuza ng'ombe wawili katika watatu aliokuwa nao. Basi kijana akapewa kazi ya kuandika insha juu ya Vita vya Maji Maji. Akakesha usiku tatu, akajaza kurasa kumi, akaipeleka kwa mwalimu wake kwa furaha nyingi. Insha ikarudi na alama haba, na chini yake yameandikwa maneno haya tu: "Umeandika mengi, lakini hukujibu swali." Likizo ilipofika kijana akarudi nyumbani, akasema kwamba chuoni harudi tena, kwa kuwa kichwa chake si cha kusoma. Mama yake atuuliza: "Je, ni kweli kwamba mwanangu hana akili? Au liko jambo ambalo hakufundishwa?"

Mama, twakujibu mbele ya wasomaji wote, kwani wako wengi wenye swali kama lako wasiothubutu kuliandika. Mtu asiye na akili hawezi kujaza kurasa kumi. Liko jambo ambalo mwanao hakufundishwa, nalo ni kazi ambayo mtu hujifunza kama ajifunzavyo useremala au ushonaji. Nasi twataka kuieleza leo, hatua kwa hatua, kwa kutumia insha ile ile iliyomliza.

INSHA NI NINI?

Neno "insha" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kutunga au kuumba jambo. Na Mfaransa mmoja, Michel de Montaigne, alipotoa kitabu chake cha insha mwaka 1580, alikiita kwa neno la kwao lenye maana ya "majaribio". Ukiyaweka pamoja maneno hayo mawili, umekwisha kujua nusu ya kazi. Insha ni maneno uliyoyatunga wewe mwenyewe, ukijaribu wazo lako mbele ya watu, waone kama lasimama au laanguka.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kalamu wala karatasi. Mtu akiwa na shauri, alisimama barazani. Kwanza sharti ajue wazee wamemwita kwa neno gani. Pili atoe dai lake kwa maneno machache. Tatu alete mashahidi wake, mmoja baada ya mmoja. Nne amjibu mpinzani wake kwa heshima. Mwisho awakumbushe wazee dai lake, akae chini. Mtu aliyesimama akasimulia habari za ukoo wake tangu babu wa babu, asiseme anadai nini, wazee walimsikiliza kwa upole, kisha wakamwambia, "Ndugu, keti." Ndiyo maana ya maneno yale yaliyoandikwa chini ya insha ya kijana wetu.

KWANZA: LIJUE SWALI

Swali alilopewa lilikuwa hili: "Jadili sababu zilizofanya Vita vya Maji Maji vienee katika nchi pana ya kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907." Lisomeni tena polepole. Swali halikumtaka asimulie vita. Halikuuliza hata vilianzaje. Limeuliza kwa nini vilienea. Naye kijana alisimulia tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, kama msimulizi wa hadithi, na kila alilolisema lilikuwa kweli. Walakini kweli isiyoulizwa si jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitabu chochote, mwanafunzi apige mstari chini ya maneno matatu. La kwanza ni neno la kuamuru. "Eleza" lataka jambo lifafanuliwe mpaka lieleweke. "Linganisha" lataka mambo mawili yawekwe bega kwa bega, yaonekane yanapofanana na yanapoachana. "Jadili" lataka hoja zipimwe, za upande huu na za upande ule, kisha hukumu itolewe. La pili ni jambo lenyewe, yaani kuenea kwa vita. La tatu ni mpaka: mahali gani, na miaka gani. Kisha na aliandike swali lile upya kwa maneno yake mwenyewe, amsomee mwenzake. Asipoweza kufanya hivyo, hajalielewa bado, na aende kwa mwalimu akaulize. Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo.

PILI: WATAFUTE MASHAHIDI, UWAPIME

Sasa ndipo wakati wa kusoma. Wanafunzi wengi husoma kama mtu anayeteka maji kwa pakacha: hushinda kisimani mchana kutwa, na nyumbani hafiki na tone. Shauri letu ni hili. Chukua vipande vya karatasi, na katika kila kipande uandike jambo moja tu. Juu yake weka jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka wa kuchapwa, na ukurasa. Ukinakili maneno ya mwandishi kama yalivyo, yatie katika alama za kunukulu papo hapo, usiseme nitakumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena shahidi hapokelewi barazani mpaka ajulikane ni nani na alikuwa wapi. Tazameni mfano. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani, wale walioitwa na watu wa pwani Wadachi, wakati vita vilipotokea. Naye alitoa kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1909. Huyu ni shahidi mkubwa, maana aliziona taarifa za serikali yake. Lakini ndiye aliyekuwa akitawala, na mtu akieleza moto ulioteketeza nyumba aliyopewa ailinde, hawezi kukosa kujitetea. Kwa upande mwingine, mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini wakawauliza wazee waliokumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao, wakayaandika maneno yao. Hawa nao ni mashahidi wakubwa, maana wanasema yale ambayo gavana hakuyasikia. Lakini walisema baada ya miaka zaidi ya sitini, na kumbukumbu ya mtu hupungua hapa na kuongezeka pale.

Mwanafunzi mwema hamfukuzi shahidi yeyote katika hawa. Huwasikiliza wote wawili, akaonyesha wanapopatana na wanapoachana. Hata katika hesabu ya waliokufa waliachana: Wajerumani walihesabu watu kama 75,000, lakini mwanahistoria Gilbert Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata mazao na ghala kuchomwa moto. Mwanafunzi akiandika hesabu moja tu kana kwamba hakuna nyingine, amemficha mwamuzi shahidi mmoja.

TATU: TOA DAI LAKO

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na kijana wetu alianguka hapa. Dai ni sentensi moja inayojibu swali, nayo ni sentensi ambayo mtu mwenye akili aweza kuikataa. "Vita vya Maji Maji vilitokea 1905" si dai, kwa kuwa hakuna atakayebisha. "Vita vilikuwa na sababu nyingi" nalo si dai, kwa kuwa ndivyo vilivyo vita vyote duniani.

Tujaribu pamoja. Tumesoma kwamba moto uliwaka katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba ambayo walilazimishwa kuilima. Tumesoma juu ya kodi ya nyumba iliyotozwa tangu 1898, na ukali wa maakida. Tena tumesoma habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, akisema kwamba itageuza risasi. Na habari za wajumbe walioitwa hongo, walioichukua dawa ile nchi kwa nchi. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mwezi wa Agosti 1905, na hata hivyo vita viliendelea kuenea. Basi yaweza kutoka sentensi kama hii: "Pamba na kodi ziliwasha vita katika Umatumbi, lakini ni imani ya maji iliyovieneza, kwa kuwa iliwapa watu wenye malalamiko mbalimbali neno moja la kupatana." Hilo ni dai. Mtu aweza kulikataa, nawe utapaswa kulitetea.

Iandike sentensi hiyo juu ya karatasi, uiweke mbele ya macho yako siku zote za kazi. Ukiona baadaye kwamba mashahidi wako wanaikana, ibadilishe dai, usiwanyamazishe mashahidi.

NNE: PANGA KABLA YA KUANDIKA

Sasa vitandaze vile vipande vya karatasi mezani au mkekani, uvikusanye mafungu mafungu. Kila fungu ni hoja moja. Ukipata mafungu matatu au manne, yatosha. Kwa dai letu, la kwanza laweza kuwa malalamiko ya pamba na kodi. La pili, jinsi maji yalivyochukuliwa na hongo. La tatu, jinsi kila nchi ilivyoingia na kisa chake. La nne, jibu kwa wanaopinga. Kipande kisicho na fungu, hata kikiwa kizuri namna gani, kiache. Najua, vijana, kwamba kukiacha kunauma, kwa kuwa mlikitafuta kwa jasho. Lakini fundi hapigilii kila ubao alionao.

Kisha ugawe maneno. Ikiwa umeagizwa maneno 1,500, weka 150 kwa utangulizi na 150 kwa hitimisho. Yabaki 1,200, yaani 300 kwa kila hoja katika zile nne. Hivyo hutaona mwishoni kwamba umetumia kurasa saba kwa jambo la kwanza, na mengine yote umeyabana katika mistari mitano.

TANO: KILA AYA NENO LAKE

Aya moja ni shahidi mmoja aliyesimama barazani. Na ianze kwa sentensi inayosema hoja, ifuate ushahidi, kisha lije jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kueleza ushahidi huo wasaidiaje dai. Ukiandika kwamba hongo walikwenda nchi kwa nchi ukaishia hapo, umemleta shahidi ukamwacha amesimama kimya. Ongeza: "Hili laonyesha kwamba habari ya maji iliwafikia watu ambao hawakushiriki lalamiko la pamba la Wamatumbi, na kwa hiyo pamba peke yake haielezi kuenea kwa vita." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo insha yenyewe, zilizotangulia ni kuni tu.

Usimwogope mpinzani. Mtu aweza kusema, "Kama maji yalikuwa na nguvu hivyo ya kuunganisha watu, mbona Wahehe hawakujiunga?" Swali hili ni zuri, nalo lataka kujibiwa. Wahehe walikuwa wamepigana na Wajerumani tangu 1891 hata alipokufa Mkwawa mwaka 1898, nao walikwisha kujua uzito wa vita vile. Na Wangoni walioingia vitani hawakuingia kwa ajili ya pamba, bali walikuwa na uchungu wa utawala wao uliopotea. Basi waweza kukiri kwamba maji hayakufua dafu kila mahali, bali yalishika pale palipokuwa na jeraha bichi na tumaini bado lipo. Kumbe swali la mpinzani halikulivunja dai lako, bali limelinoa.

Utangulizi na uandikwe mwisho, au uandikwe kwanza kisha urudiwe. Umwambie msomaji swali ni lipi, dai lako ni lipi, na njia utakayopita. Usianze na kuumbwa kwa ulimwengu. Na hitimisho lisilete shahidi mpya. Na liseme tu baraza limesikia nini na hukumu ni ipi.

SITA: MANENO YA WATU NA MANENO YAKO

Tuna jambo la kuungama hapa. Tulipokuwa vijana chuoni, tuliwahi kunakili kurasa mbili za kitabu tukazitia katika insha yetu kana kwamba ni zetu. Mwalimu wetu alituita, akatusomea sentensi moja kwa sauti, akauliza kwa upole, "Neno hili maana yake nini?" Hatukujua. Hakutupiga wala hakututukana, aliturudishia karatasi tu, akasema, "Nitamngoja aliyeiandika." Aibu ya siku ile hatujaisahau.

Siku hizi imezidi njia nyingine, nayo ni mitambo ya akili mnemba, ambayo mtu huiuliza swali nayo humwandikia insha nzima kwa dakika moja. Twajua kwamba vijana wengi wanaitumia, nasi hatusemi kwamba kila matumizi yake ni mabaya. Kila chuo kina sheria yake, na mwanafunzi na aulize kwanza. Lakini angalieni: mitambo hii huweza kutaja vitabu ambavyo havikuandikwa kamwe, na kuyasema ya uongo kwa sauti ile ile ya kusema kweli. Zaidi ya hayo, siku ya mtihani mtambo haupo, na barazani hakuna anayeweza kukusemea. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Ukitumia wazo la mtu, taja jina lake. Kumtaja hakukupunguzii heshima. Kwaonyesha kwamba umeketi pamoja na wenye maarifa ukawasikiliza.

SABA: GAWA SIKU ZAKO

Kijana wetu alikesha usiku tatu za mwisho, lakini kazi ile alipewa wiki mbili kabla. Twashauri hivi: siku ya kwanza, swali, siku tano, kusoma na kuandika vipande, siku moja, dai na mpango, siku tatu, kuandika, siku moja, kupumzika usiiguse kabisa, siku mbili, kusahihisha, siku ya mwisho, kunakili safi na kutazama majina ya vitabu. Hizo ni siku kumi na nne. Ile siku ya kupumzika si ya uvivu, kwani mtu aliyetoka kuandika husoma alichokusudia, haoni alichoandika. Kisha isome insha kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, na kalamu ilijikwaa hapo hapo.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Ninyi wazazi, msiseme, "Sisi hatukusoma, hatuwezi kumsaidia." Mwana akirudi nyumbani, mwulizeni maneno matatu tu: "Umeulizwa nini? Wewe wasemaje? Nani shahidi wako?" Mama asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kuuliza maneno haya akitwanga, na mwana akiweza kumjibu mama yake kwa lugha ya nyumbani, atamjibu na mwalimu wake.

Nanyi walimu wenzetu, tusiandike "hukujibu swali" tukaishia hapo. Tuonyeshe mstari ambapo njia ilipotea. Neno moja la ziada katika ukingo wa karatasi laweza kumrudisha mtoto ambaye ng'ombe wawili wameuzwa kwa ajili yake. Mpeni pia kielelezo cha kusoma. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 akafa 1962, alituachia kitabu kizima kiitwacho Kielezo cha Insha, na vijana wakisoma insha za fundi huona kwa macho yao maana ya kauli iliyonyoka.

Tulipokuwa tukimaliza ukurasa huu, tulipata barua ya pili kutoka kwa mama yule. Tulikuwa tumekwisha kumpelekea mashauri haya kwa kifupi, naye ameyasoma pamoja na mwanawe. Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande cha karatasi chenye sentensi moja kwa mwandiko wa kijana: "Vita vilienea kwa sababu maji yaliwapa watu waliotengana ujasiri wa pamoja, hata pale ambapo malalamiko yao hayakuwa mamoja." Chini yake ameandika: "Je, hili ni dai?"

Ndiyo, mwanangu, hilo ni dai, nalo ni lako. Rudi chuoni ukalitetee.